Mpwa Alalaye Mchana: Mwanafunzi wa Anthropolojia Mtaani Raila

Anthropolojia, yaani taaluma inayochunguza maisha na mahusiano ya binadamu kwa mtafiti kukaa miongoni mwao kwa muda mrefu, ina mizizi ya kale nchini Kenya, kwani utafiti alioufanya Jomo Kenyatta jijini London chini ya Bronislaw Malinowski ulichapishwa mwaka 1938 kwa jina la Facing Mount Kenya, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na Taasisi ya Taaluma za Afrika iliyoongozwa kwanza na Bethwell Ogot. Kenyatta hakuishia kuwa mhadhiri bali rais, na wahitimu wengi wa leo hawatakuwa wahadhiri pia (ingawa Ikulu nayo haina nafasi nyingi).

Thamani ya taaluma hii nje ya chuo huonekana wazi Raila, mojawapo ya vijiji vya Kibera jijini Nairobi. Karani wa sensa huuliza kaya, yaani watu wanaoishi pamoja, wanaopikiwa chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja, ina watu wangapi. Mama anayekaanga mandazi mlangoni hujibu kwamba ni wanne, na jibu hilo ni la kweli. Ila mwanafunzi anayeshinda hapo wiki nzima atamwona mpwa wa mama huyo, bawabu wa usiku, akiingia alfajiri kulala kitanda ambacho wengine wamekiacha, na atasikia habari za mtoto aliyepelekwa ushago, yaani kijijini kwao, ambaye karo yake hutoka kwenye karai hilohilo. Sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu takriban watu 170,000 Kibera, mahali palipozoeleka kutajwa kuwa na milioni moja, ubishi ulihusu tarakimu, wakati swali la nani huhesabiwa wa nyumba gani halikupewa uzito uliostahili.

Maelezo hayo ya mpwa yanaweza kuwa sura ya tasnifu kuhusu undugu, na yanaweza vilevile kuwa kurasa mbili za kumwongoza mhandisi anayekadiria mahitaji ya maji au zahanati inayopanga chanjo. Chuo humzoesha mwanafunzi kuandika ile ya kwanza. Ya pili, pamoja na kupanga bajeti, kusoma takwimu na kulinda siri za watu kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyotaka, mara nyingi huachwa ajifunzie kazini, jambo ambalo ni uzembe. Na kabla ya karatasi yoyote kukabidhiwa, ingefaa isomwe kwa Kiswahili pale mlangoni, kwa kuwa mama wa mandazi ndiye atakayesema kwamba mpwa alihamia Kawangware tangu Jumatatu.