Kifua Kinapobana

Mwenzetu mmoja mwenye shamba la mikarafuu Pemba alivuka kwenda bara kumtazama shemeji yake, dereva wa lori, akaaye Vigwaza, katika barabara ya Morogoro baina ya Mlandizi na Chalinze. Usiku wa pili, baada ya kula, kifua kilimbana katikati kana kwamba amewekewa gunia juu yake. Jasho la baridi likamtoka, na mkono wa kushoto ukawa mzito. Akasema ni kiungulia tu, akatafuna karafuu tatu, akalala. Alipelekwa hospitali asubuhi, jua limekwisha kuwa juu. Alipona, twamshukuru Mungu, lakini moyo umedhoofika, na leo hapandi kilima cha shamba lake bila ya kupumzika mara mbili.

Sisi si watu wa kuisema vibaya karafuu. Jino likiuma, hutuliza. Lakini haizibui mshipa wa moyo, na zile saa alizolala ndizo zilizomdhuru.

Yafaa tufahamu jinsi jambo hili linavyotokea. Moyo husukuma damu mchana na usiku, nao wenyewe hulishwa damu kwa mishipa yake. Kwa miaka mingi mafuta hujijenga katika kuta za mishipa hiyo, wala mtu hahisi kitu. Siku moja utando uliofunika mafuta hayo hupasuka, damu huganda hapo, na njia huziba. Nyama ya moyo isiyopata damu huanza kufa, na kadiri mgonjwa anavyocheleweshwa ndivyo nyingi zaidi inavyokufa. Wazee wetu wanayakumbuka maradhi ya mikarafuu yaliyoitwa kifo cha ghafla: mti huonekana mzima, kisha kwa siku chache hukauka ukiwa umesimama. Wataalamu walipochunguza waliona kuwa mizizi midogo hufa kwanza, kabla ya majani kunyauka. Moyo nao ni vivyo hivyo.

Yanayoiharibu mishipa ni tumbaku, presha ya damu, kisukari, mafuta mengi katika damu, unene, na kukaa kitako. Presha ndiyo yenye hila kuliko yote, kwa kuwa mara nyingi haiumi. Ikipimwa tena na tena ikaonekana 140 kwa 90 au zaidi, yataka daktari, na dawa zake haziachwi kwa sababu mtu amejisikia nafuu.

Hapo Vigwaza pana mizani ya malori. Lori hupimwa lisije likaharibu barabara, lakini anayeliendesha huenda asijue presha yake ni ngapi. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walitangaza habari za mabasi ya ghorofa ya London: madereva walioketi kutwa walipatwa na maradhi ya moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Tusiwacheke madereva hao. Wengi wetu tuliokuwa tukipanda mikarafuu sasa twaketi jamvini kuhesabu pishi, na chai yetu ina vijiko vinne vya sukari. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo ndani ya ng'onda.

Maumivu ya moyo hubana au hulemea katikati ya kifua, na huweza kwenda mkononi, mgongoni au tayani. Pengine huja na jasho, kichefuchefu na pumzi fupi. Wanawake, wazee na wenye kisukari huweza kukosa maumivu makali, wakahisi uchovu na pumzi tu. Mgonjwa aketishwe, asitembezwe, apelekwe hospitali saa ile ile. Aspirini ya kutafuna humfaa mgonjwa wa namna hii, lakini si kila mtu. Aulizwe mganga wa hospitali kwanza. Zipo dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, na katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, madaktari hupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa mkono au wa paja hadi moyoni, wakauzibua.

Aliyeko Vigwaza ana barabara ya lami mpaka Dar es Salaam. Sisi tuna bahari katikati. Kwa hiyo kila kijiji kijue, kabla ya msimu wa kuchuma, ni nani mwenye gari la kumfikisha mgonjwa Wete, Chake Chake au Mkoani usiku wa manane, na simu yake iandikwe mlangoni pa kila nyumba.