Meli Hubeba Imani Kabla ya Shehena

Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu wa isimu katika bandari ya Kisumu kukusanya msamiati wa mabaharia na wachukuzi. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka tuliyemkuta hapo alitupa somo jingine. "Mwalimu," alisema, "nikiamini kwamba meli itaondoka Jumanne, nitaleta magunia. Nisipoamini, nitakodi lori."

Kauli hiyo ina uchumi mwingi. Gharama za uchukuzi wa majini hazitegemei wingi wa meli na mizigo peke yake; huyumbishwa pia na matumaini na hofu za wenye mitaji. Kipimo cha gharama za kusafirisha shehena kavu, kama nafaka na makaa ya mawe, kitolewacho na Baltic Exchange ya London, kilifikia 11,793 mwezi Mei 2008. Desemba mwaka ule ule kilikuwa kimeporomoka hadi 663. Mahitaji yalikuwa yamepungua, naam, lakini hata mabenki yaliogopa kudhamini malipo ya shehena.

Ziwa letu nalo lina kisa chake. Reli ilifika hapa mwaka 1901, na katika miaka ya 1960 zikaundwa meli mbili za kubeba mabehewa: Umoja na Uhuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Umoja ikawa ya Tanzania na Uhuru ikawa ya Kenya, na mpaka wa nchi hizo ukafungwa hadi 1983. Baadaye Uhuru ilikaa miaka mingi bila kazi, mpaka iliporejea kupeleka mafuta Port Bell, Uganda, mwishoni mwa 2019.

Kiswahili kilikopa kutoka Kiarabu maneno imani, amani na amana, yote ya mzizi mmoja. Majirani wakikosa amani, mfanyabiashara hupoteza imani, wala hamkabidhi mwenye meli amana yake.

Kwa hiyo, kukarabati gati na kuunda meli mpya ni jambo jema, lakini halitoshi. Meli na iondoke siku iliyotangazwa, hata ikiwa nusu tupu, mpaka yule mwenye magunia aizoee. Najua mweka hazina atauliza ni nani atakayelipia safari hizo. Nami namuuliza: ni nani aliyelipia miaka yote ambayo meli ililala?