Namba 4294967297 na Upungufu wa Mifano kama Uthibitisho

Namba 4294967297 hupatikana kwa kujumlisha 1 na 2 yenye kipeo cha 32. Inatanguliwa na 3, 5, 17, 257 na 65537, ambazo vipeo vyake ni 1, 2, 4, 8 na 16. Hizo tano ni namba tasa, yaani kila moja hugawanyika bila baki kwa 1 na kwa yenyewe tu. Kwa msingi huo, Mfaransa Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliamini kuwa namba zote za mfululizo huo ni tasa.

Mwaka 1732, Leonhard Euler alibainisha kuwa dai hilo si sahihi. Baadaye alithibitisha kanuni ambayo kwayo kigawo tasa chochote cha 4294967297, kikigawanywa kwa 64, huacha baki 1. Namba tasa za kwanza zenye sifa hiyo ni 193, 257, 449, 577 na 641. Nne za mwanzo huacha baki; ya tano haiachi, kwa kuwa 641 × 6700417 = 4294967297.

Kwa hiyo, mifano mitano iliyoafiki haikulithibitisha dai la Fermat, ilhali mmoja uliopinga ulitosha kulibatilisha.