Pat Mills na Vita vya Kuruta Charley

Mwezi wa Januari mwaka 1979, watoto wa Uingereza walionunua Battle, gazeti lao la kila juma la hadithi za picha, walikuta ndani yake hadithi mpya. Shujaa wake hakuwa rubani wala komando. Alikuwa kijana wa miaka 16 kutoka mitaa ya makabwela ya mashariki ya London, asiyeweza kuandika barua bila makosa, aliyesema uwongo kuhusu umri wake ili aandikishwe jeshini. Fomu yenyewe ilimsuta, lakini waandikishaji walijifanya hawaoni, kwani mwaka ule wa 1916 jeshi lilihitaji watu. Kijana huyo aliitwa Charley Bourne, na aliyemtunga ni Pat Mills.

Mills, aliyezaliwa mwaka 1949, aliingia katika kazi hiyo kwa mlango wa nyuma. Alianza katika kampuni ya uchapishaji ya D.C. Thomson, mjini Dundee, huko Scotland, na humo akakutana na John Wagner. Vijana hao wawili waliacha ajira yao wakawa wanatunga hadithi za kuuza, wakifanyia kazi katika kibanda cha bustani. Nyingi kati ya hadithi alizozishughulikia Mills katika miaka hiyo zilikuwa za magazeti ya wasichana. Wengine wangaliiona kazi hiyo kuwa duni. Yeye ilimfunza kwamba msomaji humlilia mtu anayefanana naye, kama binti maskini anayeonewa na wenye fedha. Somo hilo alikwenda nalo kwenye magazeti ya wavulana.

Mwaka 1975 kampuni ya IPC ya London iliwapa Mills na Wagner kazi ya kuanzisha Battle. Mwaka uliofuata Mills alianzisha Action, gazeti lililojaa damu, lenye hadithi ya papa mla watu. Magazeti ya watu wazima yalilipigia kelele, na mwezi wa Oktoba 1976 likaondolewa madukani. Liliporudi lilikuwa limeng'olewa meno. Februari 1977 ikatoka 2000 AD, na Mills ndiye aliyekuwa mhariri wake wa kwanza. Humo ndimo alimozaliwa Judge Dredd, aliyebuniwa na Wagner pamoja na mchoraji Mhispania Carlos Ezquerra. Magazeti matatu kwa miaka mitatu si kazi ndogo. Hata hivyo, kwa desturi ya biashara hiyo wakati ule, mtunzi alilipwa ujira wake na hadithi ikawa mali ya kampuni.

Wengi humsifu Mills kwa sababu ya 2000 AD. Lakini kwa msomaji aliyevaa sare, au aliyemsindikiza mume au mwana kambini, kazi yake kubwa ni ile hadithi ya kuruta, iitwayo Charley's War. Habari zake ni za Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, vita vilevile vilivyowachukua wapagazi wa Afrika Mashariki kwa maelfu na kuliacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam. Charley alipelekwa Ufaransa, kwenye mapigano ya Somme. Siku ya kwanza ya mapigano hayo, tarehe 1 Julai 1916, jeshi la Uingereza lilipoteza watu zaidi ya 57,000, na kati yao zaidi ya 19,000 walikufa.

Picha zilichorwa na Joe Colquhoun, ambaye mwenyewe alitumika katika jeshi la majini katika Vita Kuu vya Pili. Mills alisoma sana habari za askari waliopigana, na kila juma alimpa Colquhoun kurasa tatu au nne za kuchora. Mara nyingi maneno ya kurasa hizo yalikuwa barua ya Charley kwa wazazi wake, au yao kwake. Nyumbani wanaeleza mambo madogo ya jikoni na ya majirani. Chini ya maneno hayo picha inaonyesha matope, panya na maiti. Charley naye anaandika kwamba hali si mbaya. Kila familia ya askari inazijua barua za namna hiyo.

Sehemu moja haisahauliki. Luteni Thomas, afisa mwema, anawarudisha nyuma askari wake bila ya amri ili wasiangamie bure. Mahakama ya kijeshi inamhukumu kifo. Charley anateuliwa kuwa katika kikosi cha kumpiga risasi, naye anakataa. Adhabu yake ni kufungwa kwenye gurudumu la mzinga. Mambo hayo hayakuwa ndoto ya mtunzi. Mwaka 2006 sheria ya Uingereza iliwasamehe askari 306 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika vita vile, wengi wao kwa kosa la kutoroka.

Iko kasoro. Maafisa wa tabaka la juu, hasa yule katili Snell, wamepakwa masizi kupita kiasi. Kwa kweli maafisa vijana katika mahandaki walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko askari waliowaongoza. Lakini ni nani mwingine aliyethubutu kuwaonyesha watoto uasi wa askari wa Étaples wa mwaka 1917? Au kuwaonyesha Charley akiokota mabaki ya rafiki yake Ginger na kuyatia ndani ya gunia?

Mills aliendelea hadi mwaka 1985. Alitaka kampuni imlipie gharama za kuchunguza Vita Kuu vya Pili kama alivyovichunguza vya kwanza. Alipokataliwa, aliweka kalamu chini, na Charley akapewa mwandishi mwingine. Katika ukurasa wa mwisho alioutunga Mills ni mwaka 1933. Charley hana kazi. Amepanga foleni na wenziwe kungoja posho ya serikali, huku magazeti yakitangaza kwamba Hitler ameshika madaraka Ujerumani.