Land Rover la zamani likizima njiani, usikimbilie kabureta

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MSIMU wa kuuza mpunga ukifika, barabara ya kutoka Majimoto na Usevya kwenda Mpanda hubeba magari ya kila umri. Katikati ya Fuso na pikipiki utaliona Land Rover 109 la miaka ya 1970, bodi limepakwa rangi mara tatu, magunia nyuma, dumu la maji ubavuni. Mengi ya magari hayo yalianza kazi serikalini au misheni. Leo ni mtaji wa mkulima.

Tabu yake ni kuzima njiani. Na likizima, mwenye gari husikia maneno yale yale gereji: "Mzee, kabureta imekufa."

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupanda gari la namna hiyo mwezi wa Oktoba, likiwa na magunia tisa ya mpunga. Mwenyewe alikuwa ameshanunua pampu mpya ya mafuta. Pampu haikusaidia, akaagiza kabureta ya mtumba kutoka Mbeya. Fedha zote hizo zilitoka kwenye akiba ya mbolea. Pamoja na gharama hiyo gari liliendelea na mchezo wake: linakwenda kilomita saba au nane, linaanza kukohoa, nguvu zinapungua, linazima. Likipumzika robo saa linawaka kama vile halikuwa na tatizo.

Siku hiyo lilizima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kabla ya kufika Sitalike, saa nane mchana. Huko si mahali pa kushuka na kuzurura. Ndorobo wanauma juu ya shati, na jirani zako ni tembo na nyati. Mnunuzi aliyekuwa Mpanda alisema atasubiri mpaka saa kumi, kisha anafunga mzani.

Bahati nzuri lilikuja Fuso nyuma yetu, dereva wake akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Joto limetukamata. Petroli inachemka kwenye bomba."

"Linazima ghafla, au linakufa taratibu?"

Swali hilo lina thamani kuliko kabureta ya Mbeya. Gari lenye tatizo la umeme, yaani koili, waya au platini, mara nyingi hukata mara moja kama redio iliyozimwa. Gari linalokosa mafuta hufa kidogo kidogo: linakohoa, linakosa nguvu mlimani au likiwa na mzigo, kisha linanyamaza. Mzee akajibu kuwa linakufa taratibu. Kijana hakugusa boneti. Alikwenda ubavuni, kwenye mdomo wa tanki.

Mfuniko wa tanki ulikuwa umepotea siku nyingi. Mahali pake palikuwa na gunzi la mahindi lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kukazwa kwa mpira wa baiskeli. Kijana alipolivuta, sote tulisikia hewa ikiingia kwa sauti, kama mtu anayevuta pumzi.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Pampu inaponyonya petroli, hewa lazima iingie kwenye tanki kujaza nafasi iliyoachwa. Mfuniko halisi una kitundu kwa kazi hiyo. Kitundu kikiziba kwa vumbi, au tanki likizibwa barabara kwa nailoni, pampu inashindana na tanki lenyewe mpaka inashindwa. Gari likisimama, hewa hujipenyeza polepole, na baada ya robo saa linawaka tena. Kwa hiyo gari la petroli likizima taratibu, fungua mfuniko kwanza. Ukisikia hewa ikivutwa, na gari likaenda vizuri mfuniko ukiwa umelegezwa, umepata jibu bila kutoa shilingi.

Si kwamba joto halisumbui. Petroli kweli huweza kuchemka na kugeuka mvuke ndani ya bomba lililo karibu na ekzosi, na Oktoba ya Katavi si ya mchezo. Dawa yake ni kusogeza bomba mbali na ekzosi, na njiani kufunika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji. Ila joto limesingiziwa mengi.

Kama mfuniko hauna kosa, fuata njia ya mafuta kutoka tanki kwenda injini. Gari lilale kwenye kivuli, injini ipoe, na pasiwe na sigara wala jiko karibu. Usinyonye petroli kwa mdomo; ikiingia mapafuni inaua. Wala usimwage petroli kwenye kabureta huku mwenzako akipiga stata. Moto wa namna hiyo umekwisha kuteketeza magari pamoja na mizigo.

Land Rover nyingi za petroli za aina hiyo zina pampu inayoendeshwa na injini yenyewe, yenye kikombe cha kioo cha kukamata uchafu na kijiti cha kupampu kwa mkono. Tazama kikombe kwanza. Maji huzama chini ya petroli, utayaona yamejitenga. Kutu nyekundu maana yake tanki linaoza, na hata ukisafisha kikombe leo, wiki ijayo utarudi. Tanki la namna hiyo lishushwe na kusafishwa. Kupuliza bomba kwa mdomo kunarudisha tu uchafu ndani ukasubiri safari nyingine.

Kisha chomoa bomba la mafuta pale linapoingia kwenye kabureta, elekeza ncha yake kwenye chupa, na upampu kwa mkono. Mafuta yanatakiwa kuruka kwa nguvu, si kulia machozi. Kijiti kikilegea bila kuvuta kitu, usiihukumu pampu mara moja: huenda injini imesimama mahali ambapo mkono wa pampu umeshasukumwa. Zungusha injini kidogo, ujaribu tena. Chomoa pia kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, utando wa mpira ulio ndani ya pampu huenda umepasuka na petroli inamwagikia kwenye oili. Gari hilo lisitembee hata hatua moja.

Mafuta yakiwa hafifu, lipo jaribio ambalo mafundi wazee hulipenda: dumu dogo lenye petroli safi, na mpira mpya kutoka dumu hadi pampu, gari likiwa limesimama nje. Mafuta yakianza kuruka vizuri, pampu ni nzima; kosa liko nyuma yake, kwenye tanki au bomba. Hapo kagua mipira. Mpira wa upande wa kunyonya ukipata ufa hauvuji hata tone, kwa sababu badala ya kutoa petroli unaingiza hewa. Ndiyo maana wengi huupita bila kuutilia shaka.

Chupa ikijaa vizuri na bado gari linazima, sasa ndiyo zamu ya kabureta: sindano ya boya iliyokwama, au jeti iliyoziba. Mara nyingi inatosha kusafisha.

Mafuta yenyewe nayo yachunguzwe, hasa ya kwenye vidumu vya kijijini. Kuna wakati kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli kulienea mno, hadi EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchakachua. Dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila alama. Ikibaki doa la mafuta, uliza maswali.

Wenye trekta na magari ya dizeli wana ugonjwa wao, nao ni hewa. Massey Ferguson iliyoishiwa dizeli shambani haiwaki kwa kujaza tanki tu. Legeza skrubu ya juu ya chujio, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kaza, kisha fanya hivyo hivyo kwenye injekta pampu. Usiweke kidole mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli hupenya ngozi. Na kabla ya kukubali kununua nozeli, ambazo bei yake unaijua, badilisha chujio.

Tukirudi kwa mzee wetu, tulifika Mpanda saa kumi na moja, tanki likiwa limefunikwa kwa kitambaa tu. Mzani ulikuwa umefungwa. Kesho yake yule mnunuzi alikuwa ameshapata mzigo wa kumtosha, na magunia yale tisa yakaenda kwa mwingine kwa bei ya chini. Mfuniko wenye kitundu mzee aliupata kwa wauza skrepa mjini, kwa bei ya sahani mbili za wali. Kabureta yake ya zamani, iliyotolewa ikiwa nzima, bado ameihifadhi nyumbani.