Je, Wajua? Zebaki Huingia Ubongoni kwa Hila

Zebaki iliyomo kwenye samaki haivunji mlango wa ubongo, hubisha hodi. Hushikamana na sisteini, kijenzi kimoja cha protini, na umbo lake likafanana na methionini, kirutubisho ambacho ubongo hukipokea kila siku. Bawabu anafungua! Ndani, hata ikiwa kidogo kiasi cha kutoua seli, huamsha jeni za kujihami. Seli huanza kutengeneza glutathioni kwa wingi, kemikali yenye salfa inayoinasa zebaki na kuitoa nje. Yote hayo hutokea mwenyewe hajahisi hata kuumwa kichwa. Kwa mjamzito, zebaki hiyo huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mama mjamzito, epuka papa; dagaa wana zebaki kidogo sana.