Shahada ya tarumbeta: Linda midomo, masikio na mapafu

Mzazi anayeambiwa na mwanawe kwamba amepata nafasi ya kusomea muziki chuo kikuu, na kwamba ala aliyoichagua ni tarumbeta, kwa kawaida huuliza swali moja tu: "Utapata kazi gani ukimaliza?" Ni swali la haki. Lakini liko swali lingine ambalo ni wachache hulikumbuka, nalo ni hili: je, mwili wa kijana huyo utastahimili miaka minne ya kupuliza?

Kusomea ala za shaba, yaani tarumbeta, tromboni, honi, tuba na jamaa zake, ni kazi ya mwili kama ilivyo riadha. Tofauti ni kwamba mkimbiaji huwa na kocha anayejua habari za misuli, na akiteguka kila mtu humwona akichechemea. Mpuliza tarumbeta aliyeumia mdomo huonekana mzima kabisa, na mara nyingi huambiwa kwamba hajafanya mazoezi ya kutosha.

Hapa Kenya, shahada ya kwanza ya muziki hutolewa katika vyuo vikuu kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wengi wa wanaochagua ala za shaba hufika wakiwa tayari wameonja bendi za shule, za kanisa au za Jeshi la Wokovu. Muziki huu si mgeni kwetu. Huko Pwani, ngoma ya beni ilichipuka mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za Wazungu, na jina lake lenyewe latokana na neno hilo la bendi. Lakini kupuliza Jumapili asubuhi ni jambo moja, na kupuliza kila siku kwa ajili ya mtihani ni jambo jingine. Madhara mengi huanzia hapo kazi inapoongezeka ghafla.

Sauti hutoka wapi?

Watu hudhani kwamba shaba ndiyo inayolia. Sivyo. Kinacholia ni midomo ya mpulizaji. Hewa inapopita kwa nguvu kati ya midomo iliyobanwa, midomo hutetemeka, na bomba la shaba huipokea tetemeko hiyo na kuikuza. Katika noti ambayo okestra hutumia kupatanisha ala zao, midomo hutetemeka takriban mara 440 kwa sekunde moja. Katika noti za juu za tarumbeta, hutetemeka zaidi ya mara 900.

Uzi wa gitaa ukikatika, mwenye gitaa hununua mwingine akaendelea. Mdomo hauuzwi dukani.

Midomo

Kuuzunguka mdomo kuna msuli wa mviringo ambao hutumika kufumba mdomo, kupiga mluzi na kubusu. Huu ndio msuli unaofanya kazi kubwa. Msuli uliochoka huanza kushindwa kushika noti za juu, na hapo mwanafunzi hufanya kosa la kawaida: huibana ala dhidi ya meno ili noti itoke kwa nguvu. Damu haipiti vizuri katika mdomo uliobanwa, nao huvimba na kufa ganzi. Akiendelea hivyo siku baada ya siku, msuli unaweza kuchanika.

Jambo hili lilimpata hata Louis Armstrong, bingwa wa tarumbeta wa Marekani. Alikuwa akipuliza noti za juu usiku baada ya usiku, na mwaka wa 1935 alilazimika kukaa miezi kadhaa bila kupuliza ili mdomo wake upone. Tangu 1982 madaktari wamekuwa wakiliita jeraha la kuchanika kwa msuli huo kwa jina lake la utani, Satchmo.

Dalili za kuangaliwa ni hizi: uvimbe usioisha hata baada ya kulala usiku mmoja, maumivu katika sehemu moja tu ya mdomo, hewa kuvuja pembeni, na kushindwa kupiga noti ambazo wiki iliyopita zilikuwa rahisi. Dawa ya kwanza ni kupumzika. Uvimbe mdogo huweza kwisha kwa siku chache. Msuli uliochanika huweza kuhitaji upasuaji na miezi mingi ya kusubiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna ugonjwa mwingine ambao hauna maumivu lakini unatisha zaidi. Ubongo hupoteza uwezo wa kuiamuru sawasawa misuli ya mdomo, hivi kwamba mdomo hutetemeka au kujikunja wenyewe kila mtu anapoanza kupuliza, ingawa hula na kuzungumza bila shida. Wataalamu hukadiria kwamba magonjwa ya aina hii, ya mdomo au ya vidole, humpata takriban mwanamuziki 1 kati ya 100 wanaoishi kwa kazi hiyo. Mara nyingi huja baada ya miaka mingi ya kupiga, na tiba ya uhakika haijapatikana. Mwanafunzi anayeona dalili hizo asijilazimishe kuongeza saa za mazoezi. Amwone daktari wa mishipa ya fahamu.

Shinikizo la hewa

Unapopuliza noti ya juu kwa nguvu, shinikizo la hewa ndani ya kinywa huweza kupita milimita 120 za zebaki, yaani zaidi ya kipimo cha juu cha damu cha mtu mwenye afya. Shinikizo hilo halibaki kinywani. Husukuma kifua, tumbo, shingo na hata macho.

Ndiyo maana wengine huona kizunguzungu, na mara chache huzimia, wakishikilia noti ndefu ya juu. Anayeona nyota machoni aache mara moja na kuketi. Pia imeonekana kwamba shinikizo ndani ya jicho hupanda kwa muda mtu anapopuliza ala zenye upinzani mkubwa kama tarumbeta. Kwa wengi hakuna dhara, lakini mwanafunzi ambaye katika jamaa yake kuna ugonjwa wa glakoma afaa kupimwa macho na kumweleza daktari ni ala gani anayopiga. Mwenye ngiri, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo, wa macho au wa pua, asirudie kupuliza mpaka daktari amruhusu.

Mwenye pumu je? Pumu peke yake si sababu ya kumnyima mtu nafasi. Wako wengi wenye pumu wanaopuliza vizuri. La muhimu ni ugonjwa uwe umedhibitiwa, na dawa ya kuvuta iwe karibu.

Masikio

Kati ya madhara yote, hili la masikio ndilo lisilorudi nyuma. Chembe nyororo zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Wataalamu wa usalama kazini wanashauri kwamba mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15 tu. Tarumbeta moja katika chumba kidogo cha mazoezi huweza kuvuka desibeli 90 kwa urahisi. Bendi nzima ikipuliza kwa nguvu huenda juu zaidi, na anayeumia pengine si mpulizaji mwenyewe bali aliyeketi mbele yake.

Jambo hili lilifika mahakamani nchini Uingereza. Mwaka wa 2012, Chris Goldscheider, mpiga fidla kubwa aina ya viola, alikuwa katika mazoezi ya opera ya Wagner katika jumba la Royal Opera House, London, akiwa ameketi mbele ya wapuliza ala za shaba. Masikio yake yaliumia na kazi yake ikakatika. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba jumba hilo halikuwa limemlinda vya kutosha, na mwaka wa 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Somo ni kwamba, mbele ya sheria, muziki mtamu ukizidi kipimo huwa kelele kama ya kiwandani.

Mwanafunzi atumie vizibo vya masikio vilivyotengenezewa wanamuziki, ambavyo hupunguza sauti bila kuiharibu. Pamba haitoshi. Afanye mazoezi katika chumba kikubwa kila inapowezekana, na apimwe masikio anapojiunga na chuo, kisha kila mwaka. Masikio yanayovuma baada ya mazoezi yanakuonya.

Ala chafu

Ndani ya tromboni ni giza, joto na unyevu. Hapo ndipo kuvu na bakteria hupenda kuishi, na mpulizaji huvuta pumzi akiwa ameiweka ala mdomoni. Mwaka wa 2010, madaktari wa Connecticut, Marekani, walieleza habari za mpiga tromboni aliyekohoa kwa miaka 15. Ala yake ilipochunguzwa ilikutwa na vijidudu ndani. Alipoanza kuisafisha barabara, kikohozi kikaisha.

Chuoni, ambako ala moja huweza kupita mikono mingi, hatari ni kubwa zaidi. Kipulizio, yaani kile kikombe kinachogusa midomo, kisiazimwe kamwe. Vidonda vya homa midomoni na mafua hupita kwa njia hiyo. Kila mwanafunzi anunue chake na akioshe kila siku kwa sabuni. Ala nzima ioshwe angalau mara moja kwa mwezi kwa maji ya uvuguvugu na burashi ndefu inayopinda, kisha ikaushwe na kutiwa mafuta. Maji ya ndani yamwagwe kwenye kitambaa, si sakafuni.

Kifua kikuu huenea kwa hewa ya mtu anayekohoa, hasa katika vyumba vilivyofungwa. Kwa hivyo madirisha ya chumba cha mazoezi yafunguliwe, na anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe makohozi kabla ya kurudi kwenye bendi.

Meno na mgongo

Meno ya mbele ndiyo yanayoshikilia midomo. Jino likivunjika au kung'olewa, sauti hubadilika. Mwone daktari wa meno mara mbili kwa mwaka, na kama unafikiria kuwekewa vyuma vya kunyoosha meno, fanya hivyo mapema, si katika mwaka wa mtihani wa mwisho. Mpiga tromboni hubeba uzito wote kwa mkono wa kushoto, na tuba huweza kupita kilo 10. Keti wima, leta ala mdomoni badala ya kuufuata kwa shingo, na ala kubwa iwekewe kitegemeo.

Hofu ya jukwaani

Mtihani wa muziki hufanywa mbele ya watu, na kinywa kikavu hakipulizi. Baadhi ya wanamuziki humeza propranolol, dawa ya moyo na presha, ili mikono isitetemeke. Dawa hiyo ni hatari kwa mwenye pumu na haifai kuazimwa kwa rafiki. Pombe na sigara nazo hukausha na kudhoofisha. Njia iliyo salama ni kuzoea kupiga mbele ya wenzako kila wiki, ili siku ya mtihani isiwe ngeni.

Ratiba ya kufuata

Walimu wazoefu wana kanuni moja: pumzika kwa muda ule ule uliopuliza. Anza na dakika 10 au 15 za noti ndefu za chini na za polepole. Gawanya kazi ya siku katika vipindi vifupi vya dakika 30 hivi badala ya saa tatu mfululizo. Noti za juu ziwe za mwisho kuongezwa na za kwanza kuachwa unapochoka. Baada ya likizo ndefu, rudi kidogo kidogo. Muziki mwingi waweza kujifunzwa kwa kusoma karatasi na kuimba, midomo ikiwa imepumzika.

Kabla ya kujiandikisha, mzazi na kijana wakiulize chuo maswali matatu: je, kila mwanafunzi ana mwalimu anayejua ala yake hasa? Vyumba vya mazoezi vina nafasi na hewa? Na mwanafunzi akiumia mdomo kabla ya mtihani, anaruhusiwa kuahirisha bila kuadhibiwa? Swali hilo la mwisho lina uzito, kwa maana wengi huumia wakijaribu kuiwahi tarehe isiyosogea.

Wahenga walisema kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Shahada huchukua miaka minne, lakini midomo na masikio hayo hayo ndiyo mhitimu atakayoyategemea kupata riziki baada yake.